Mashine ya kusikia: ya kuzama ndani au ya kukaa nyuma ya sikio? Nina siku tisa za kuamua (au ni sita?)

SitaAuTisa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka 56, na jina nililojipa humu si la mapambo. Miezi miwili iliyopita nilimuuliza mtoto wa dawati la nyuma jibu la swali, akajibu, nikaandika 9 ubaoni. Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe alisema sita. Nikajitetea kwamba anameza maneno. Wiki iliyofuata yakanikuta tena, kwa mtoto mwingine, safari hii wa dawati la mbele kabisa. Hapo nikanywea.

Nimekwenda kupimwa. Waliniweka kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti, visikizio kichwani, kitufe mkononi, nabonyeza kila nikisikia "tii". Kuna kipindi nilikaa muda mrefu sijabonyeza kitu nikadhani mashine imezimika. Haikuzimika. Ilikuwa inalia, mimi ndiye sina habari.

Nimepewa karatasi yenye mistari miwili, mwekundu wa sikio la kulia na wa bluu wa kushoto. Hezi ni wembamba wa sauti, zikiwa nyingi sauti ni nyembamba zaidi; desibeli ni nguvu ya sauti ninayohitaji ndipo niisikie, zikiwa nyingi sikio ni baya zaidi. La kulia ni hivi: hezi 250 desibeli 15, hezi 500 desibeli 20, hezi 1000 desibeli 30, hezi 2000 desibeli 50, hezi 4000 desibeli 65, hezi 8000 desibeli 70. La kushoto linafuata nyuma yake, tofauti haizidi tano. Mstari unakwenda vizuri, halafu unaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi gizani.

Nimeambiwa nahitaji shimesikio, yaani mashine ya kusaidia kusikia, pande zote mbili. Hilo sina ubishi nalo. Ubishi uko kwenye umbo. Mezani waliniwekea aina nne: kubwa ya nyuma ya sikio yenye mrija na kizibo, ndogo ya nyuma yenye waya mwembamba unaoingia sikioni, ya kujaza bakuli la sikio, na kidudu kimoja kidogo kuliko kifungo cha shati, kinazama chote ndani ya tundu, kukitoa mpaka uvute kiuzi.

Nisiwafiche: moyo wangu uko kwa kidudu. Watoto wa darasani hawana simile, nimeshabatizwa majina matatu na bado sijavaa chochote. Lakini mtaalamu alipoona nakikodolea macho alikunja uso kidogo, akasema nenda kafikirie, urudi baada ya siku tisa. (Nilimwomba anionyeshe kwa vidole.)

Navaa miwani kutwa. Natoka jasho jepesi kichwani. Vidole vya mkono wa kulia vinatetemeka kidogo asubuhi. Waliovaa, mlichagua nini, na kama mngerudi nyuma mngechagua nini?

MkeWaFundi

Mwalimu, mimi sivai, ila naishi na anayevaa. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alichukua ile ya kujaza bakuli la sikio kwa sababu ni rahisi kuishika na vidole vyake ni vinene. Kwa upande wa vidole alikuwa sahihi. Kwa upande wa jasho, mmh. Kila jioni naifuta kwa kitambaa kikavu, nafungua kimlango cha betri, naiweka kwenye kopo lenye zile chembe za kunyonya unyevu. Akisahau siku mbili inaanza kukwaruza, ya tatu inanyamaza.

Na kabla ya hiyo tuliuziwa nyingine, na mtu ambaye hata sikio hakulitazama ndani. Alitoa boksini, akaongeza sauti mpaka mwisho, akasema umepona. Ilikuwa inapaza kila kitu sawasawa, grainda na mimi tukawa na sauti moja. Ninyi mmepimwa, shukuruni hapo.

BabaMluzi

Marahaba mwalimu. Nina miaka 71, mwaka wa 15 huu navaa. Jina hili nimepewa na wajukuu, utajua kwa nini.

Nilianza na kidudu hicho hicho. Sikushauriwa, nilishikilia mwenyewe. Wakanisokotea kipande cha sponji chenye uzi ndani ya sikio, wakamimina ute juu yake, nikasubiri dakika kadhaa ukagande, wakauvuta ukatoka na umbo la sikio langu lote, kona na vibonde vyake. Baada ya wiki chache nikaitwa. Nikavaa, nikajitazama kwenye kioo, hakionekani kabisa. Nikafurahi kama mtoto. Nikasema "asante".

Hiyo "asante" ilinishtua. Ilitoka kama imesemwa na mtu aliye ndani ya pipa. Nikakohoa, pipa likakohoa. Kila nikitafuna nasikia mtu anatembea juu ya kokoto kichwani mwangu. Wakaniambia nitazoea. Nilijitahidi miezi minne, halafu kikahamia kwenye droo, kikakaa huko karibu miaka miwili. Familia wakidhani nimevaa. Na kwa kuwa hakionekani, nani angejua?

Fanya jambo moja sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Ziba masikio yote mawili kwa ncha za vidole, sema "aaa", halafu sema "iii". Ile "iii" imevuma kichwa kizima, sivyo? Sauti yako inapita kwenye mifupa mpaka kwenye kuta za tundu la sikio. Tundu likiwa wazi, ule uzito wake unatokea nje na wewe huujui. Ukiliziba, unabaki humo ndani unagonga ngoma ya sikio. Vidole utavitoa. Kidudu hutakitoa mpaka jioni.

Sasa tazama karatasi yako. Kwenye 250 na 500 wewe huna shida hata kidogo. Mngurumo wa gari, mlango, irabu za watu, sauti nzito, vyote unavipata bure. Ukiliziba tundu kwa kipande cha plastiki unavifungia nje hivyo ulivyopewa bure, halafu unaiambia mashine ikuletee upya kupitia maikrofoni. Mimi karatasi yangu wakati ule ilifanana sana na yako, ndiyo maana nimekaa kuandika hivi vyote badala ya kulala.

Kwa hiyo naona swali umelishika mkiani. Unauliza mashine ikae wapi. Mimi nakwambia uliza kwanza tundu litazibwa na nini, na kwa kiasi gani. Mwili wa mashine ukikaa nyuma ya sikio, kinachoingia ndani kinaweza kuwa waya mwembamba wenye spika ndogo na kikofia laini cha silikoni kilichotobolewatobolewa. Hewa inapita, sauti nzito zinaingia zenyewe, mashine inaongeza zile nyembamba tu. Mtu akikosa pia sauti nzito, anawekewa kikofia kisichotobolewa, au kizibo cha kuchonga. Mashine ni ile ile, kinachobadilika ni ncha yake.

Utaniuliza, kwa nini kidudu kisitobolewe nacho? Kinatobolewa. Nilitobolewa. Lakini kitu chenyewe ni kidogo, tundu kubwa utaliweka wapi? Na maikrofoni iko hatua moja tu kutoka kwenye spika. Ukipanua tundu, sauti ya spika inatoka, inaingia kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena, inazunguka hivyo mpaka inakuwa mluzi. Mjukuu akinikumbatia, mluzi. Nikiegemea mto, mluzi. Jina likazaliwa. Siku hizi mashine zina ujanja wa kuuzima, ila ujanja nao una kikomo chake.

Nisikionee kidudu wivu, kina mazuri yake. Simu unaiweka sikioni kama binadamu wengine. Upepo haupigi moja kwa moja kwenye maikrofoni kwa sababu sikio lenyewe linaukinga. Miwani haigombanii nacho nafasi. Ila betri yake ni ile namba 10, ya kibandiko cha njano, upana wake haufiki milimita 6. Umesema vidole vinatetemeka asubuhi. Mimi nilikuwa naziokota chini ya kitanda kwa sumaku.

Leo navaa ya nyuma yenye waya. Miwani na mashine vimegawana mgongo wa sikio na wanaelewana: miwani inatangulia, mashine inafuata. Kinachonitesa ni barakoa. Nimewahi kuvua barakoa nikatupa, na mashine moja ikaondoka nayo ikining'inia kwenye kamba. Niliipata kwa kupekua pipa la taka, mzee mzima.

Kofia_Ngumu

Msimalize kukitukana kidudu kabla sijasema. Navaa mwaka wa 4 na sikiachi.

Tofauti ni karatasi. Yangu imelala tambarare, 45 mpaka 50 kuanzia sauti nzito hadi nyembamba. Nzito pia sizisikii, kwa hiyo hakuna cha bure ninachokifungia nje. Sauti yangu ilivuma wiki mbili za kwanza, wakanipunguzia kidogo kwenye mashine, nikaisahau. Halafu naendesha baiskeli kila siku na kofia ya usalama. Niliijaribu ya nyuma nikapata dhoruba masikioni, na mkanda wa kofia unaisugua kutwa.

Lawama yangu moja: nta ya sikio. Spika iko ndani kabisa, na kile kichujio cheupe cha kuzuia nta ni kidogo kama kichwa cha pini. Sauti ikififia, mara tisa kati ya kumi mashine haijafa, ni kichujio kimeziba.

(Mwalimu, nimesema tisa.)

SitaAuTisa

Hahaha, nimesoma kwa macho, macho bado yapo.

BabaMluzi, nimeziba masikio nikasema "iii" nikiwa ofisi ya walimu. Sasa nina jina la nne.

Nimeelewa habari ya tundu. Lakini bado mnipe mawili. La kwanza, hiyo yenye waya, ni ya kuchaji au ya betri? Nimeonyeshwa zote. La pili ni la kitoto kidogo: inaonekana? Nina kipara.

Mpimaji_M

Nimekuwa nikipima masikio kwa miaka 11, naingia kidogo kwa sababu jina la mwalimu limenivutia. Sita na tisa ni mtego mzuri kuliko majaribio mengi ya maneno tunayotumia.

Tazama: maneno yote mawili yana irabu zile zile, i halafu a. Kinachoyatofautisha ni s na t, zimebadilishana nafasi tu. Irabu zina nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya hezi 1000, mahali ambapo masikio yako bado ni mazuri. Lakini s ni kama upepo unaopita kwenye meno. Haina nguvu, na sehemu yake kubwa iko juu ya hezi 4000, ambako wewe uko desibeli 65. Kwa hiyo mtoto akisema "sita", kinachokufikia ni "-i-a", na ubongo unajaza mapengo kwa kubahatisha. Ndiyo maana wenye masikio kama yako hulalamika hivi: nasikia, ila sielewi. Wakipaziwa sauti wanakereka, kwa sababu anayepaza sauti anapaza irabu.

Wewe ni wa hesabu, basi piga hii. Chukua 500, 1000, 2000 na 4000, yaani 20, 30, 50 na 65, tafuta wastani. Unapata 41 na robo. Kwa madaraja ya Shirika la Afya Duniani yaliyo kwenye ripoti yake ya mwaka 2021, kuanzia 35 hadi chini ya 50 ni upungufu wa kati. Daraja hilo karibu maumbo yote manne yana nguvu ya kulihudumia. Nguvu si kikwazo kwako. Kikwazo ni mporomoko wa mstari, na hapo BabaMluzi amekwisha kusema, sina cha kuongeza isipokuwa hiki: 65 kwenye 4000 iko ukingoni mwa kinachowezwa na kikofia cha wazi kabisa. Akikuwekea cha wazi na bado s haitoshi, msishangae akajaribu chenye matundu machache zaidi. Si kwamba amekosea mwanzoni.

Jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mashine ya nyuma ya sikio ina nafasi ya maikrofoni mbili, moja mbele moja nyuma. Kwa kulinganisha sauti inaifikia ipi kwanza, inajua kelele iko nyuma yako na kuipunguza. Vidudu vingi vina maikrofoni moja tu. Kwa mtu anayekaa kwenye vikao vyenye makelele, hizo mbili ni faida kubwa. Lakini wewe unaandika ubaoni, na ukigeukia ubao darasa lote liko nyuma yako! Mashine ikiamua kwamba nyuma ni kelele, itakupunguzia watoto. Mwambie mtaalamu wako akutengenezee programu ya darasani inayopokea pande zote, uwe unabadilisha kwa kitufe au kwa simu. Watu hawaulizi hili, halafu wanarudi kwangu wakisema mashine mbovu.

Betri au chaji: ya kuchaji unaiweka kwenye kisanduku chake usiku, asubuhi unaivaa, siku nzima unatembea nayo. Kwa vidole vinavyotetemeka ningeanza na hiyo. Ubaya ni kwamba betri ya ndani huchoka baada ya miaka kadhaa na kwa kawaida huwezi kuibadilisha mwenyewe, na umeme ukikosekana usiku kucha huna cha kufanya. Za kutupa zina rangi za vibandiko: njano namba 10, kahawia 312, chungwa 13, bluu 675, kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyokaa siku nyingi. Zinatumia hewa. Ukibandua kibandiko, iache wazi dakika chache ndipo uiingize. Na usiziache karibu na watoto wadogo, betri ikimezwa ni dharura.

Usikubali kuondoka na mipangilio ya kiwandani. Omba apime sauti ndani ya sikio lako ukiwa umevaa: anaingiza kijirija chembamba laini karibu na ngoma ya sikio, anacheza sauti za maongezi, anaona kwenye skrini kama s inafika kweli. Inachukua dakika chache. Kipimo hicho kitakusaidia kuliko kubishana kuhusu umbo.

Na kwa wengine mnaosoma: mwalimu masikio yake yanalingana. Ukiwa na sikio moja limeshuka kuliko jingine, au limekata ghafla ndani ya siku moja au mbili, au linatoa usaha, usiende kuchagua mashine. Nenda kwa daktari wa masikio, na hilo la ghafla nenda leo leo, maana dawa yake inategemea kuwahi.

KimyaKimya

Nina 24, masikio yote yako 95 na kuendelea tangu utotoni. Nimewasoma mkizungumzia maumbo manne kama mtu anachagua viatu. Mimi lipo moja: kubwa la nyuma, betri ya bluu, kizibo cha kuchonga kinachoziba barabara. Nilipokuwa mtoto kizibo kilibadilishwa kila mara kwa sababu sikio linakua na kizibo hakikui. Mashine ilibaki ile ile, ndiyo sababu watoto huwekewa za nyuma.

Mrija wangu hukusanya matone ya maji kwa ndani, napuliza kwa kipampu kidogo cha mpira. Ukigeuka rangi na kukakamaa, unabadilishwa. Hakuna tatizo kubwa zaidi ya hilo.

Kuhusu kuonekana: yangu ni nyekundu. Nilichagua nyekundu. Mtu akiiona anageuza uso kunielekea anapozungumza, na mimi nasoma midomo, kwa hiyo amenifanyia kazi nusu.

Uliza pia kama ina telekoili, kikoili kidogo cha ndani kinachonasa sauti kutoka kwenye waya. Kwenye kumbi zilizotandikiwa waya wa kuzunguka, unabonyeza na sauti ya msemaji inakuja moja kwa moja bila mwangwi wa ukumbi. Vidudu vingi havina nafasi yake.

SitaAuTisa

Mdogo wangu KimyaKimya, umeninyamazisha, na nimestahili. Mpimaji_M, habari ya ubao sikuiwaza hata kidogo, nimeiandika kwenye kiganja.

MkeWaFundi

Kuhusu kipara mwalimu: ule waya hauonekani mpaka mtu akusogelee kukunong'oneza. Na wewe wa kunong'onezwa ndio huyo.

SitaAuTisa (wiki tano baadaye)

Nimerudi kutoa ripoti, maana nachukia watu wanaouliza halafu wanapotea.

Nimechukua ya nyuma yenye waya, ya kuchaji, rangi ya kijivu. Nimeruhusiwa kuijaribu kwa wiki kadhaa kabla ya kumalizana. Nilianza na kikofia cha wazi. Kijirija kikaingizwa, tukaangalia skrini, s ikawa bado iko chini ya mstari wa lengo. Akabadilisha kikofia, akaongeza kidogo, ikapanda. Sauti yangu imenenepa kidogo ila haijaingia pipani.

Siku ya kwanza ilikuwa mateso. Nilifika nyumbani nikamwambia mke wangu feni imeharibika, inalia. Akasema inalia hivyo tangu tuinunue. Karatasi zinapasuka masikioni kama moto wa nyasi. Chaki! Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu chaki. Miaka 30 naandika ubaoni, sikujua ninawatesa watoto kiasi kile. Nimeanza kuivunja katikati, ikiwa fupi hailii sana. Mtaalamu alinipunguzia makali kwa wiki mbili za kwanza, halafu akawa anayarudisha kidogo kidogo, na kweli feni imerudi kuwa feni.

Miwani: BabaMluzi, miwani inatangulia, nimeshika. Asubuhi vidole vinanisumbua kwenye kuingiza kikofia cha kulia, namaliza kwa mkono wa kushoto. Cha kulia kina alama nyekundu, cha kushoto bluu, kama mistari ya ile karatasi. Programu ya darasani ipo, kitufe cha kushoto, nabonyeza kabla ya kugeukia ubao. Wiki ya tatu nilisahau kuirudisha nikaingia nayo kwenye kikao cha walimu, nikasikia yote waliyokuwa wakisema nyuma yangu. Hiyo siwaelezi.

Majina: watoto walitazama siku mbili. Mmoja akauliza kama inapiga muziki. Nikamwambia inaunganishwa na simu kwa Bluetooth, ndiyo, inapiga. Wakaniacha.

Jana nilimuuliza yule yule wa dawati la nyuma. Akajibu. Nikasikia s, nikasikia t, kila moja mahali pake, bila kubahatisha, nikageuka nikaandika 6 ubaoni kwa mbwembwe zote. Darasa likacheka tena.

Sita nilisikia sawa. Jibu lilikuwa tisa.

BabaMluzi

Nimecheka mpaka mluzi ukarudi. Kichujio cha nta umeshabadilisha?